Jaribio la miche ya paini limekataa: soma dalili kabla hujalaumu kuvu

Simu kuhusu jaribio hili, la kupulizia miche ya paini kuvu ya ugonjwa wa mistari myekundu ili kupata ile isiyougua, huanza karibu kwa namna moja. Mtu wa kitalu kutoka Turi, Mau Summit au kule juu Timboroa anasema, "Mzee, tulipulizia ile kuvu, tukangoja miezi miwili, na miche yote 120 iko kijani. Si tumepata mbegu ya maana?" Namuuliza swali moja tu: ile miche ya paini ya radiata ya kawaida, ambayo ulijua lazima iugue, imeugua? Aghalabu kimya hufuata, halafu: "Hiyo hatukuiweka."

Basi hakuna jaribio lililofanyika. Kuna miche iliyolowa ikakauka, na gharama ya nailoni. Mche ulioponyoka si mche uliostahimili, na hitilafu karibu zote nilizoandika hapa zinatokana na kuchanganya hayo mawili. Ni hitilafu zinazorudiwa na vikundi vya vitalu vya huku Molo na Elburgon, pamoja na zangu mwenyewe, ambazo si chache. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi ninachokikuta mara nyingi, kisha kile cha nadra. Anza na ukaguzi usio na gharama. Usikimbilie maabara kabla hujagusa sindano kwa kidole.

Kwa aliyezaliwa juzi: paini aina ya radiata, asili yake pwani ya California, ilipandwa sana nchini Kenya kwa sababu hukua upesi. Mapema miaka ya 1960 ukaja ugonjwa wa mistari myekundu, unaoletwa na kuvu iitwayo Dothistroma septosporum, ukaivua sindano hadi upandaji wake ukaachwa. Misitu ikageukia patula, paini ya aina nyingine ambayo kuvu hii haiisumbui sana, na saipresi. Mwaka 1967 namna moja ya kuvu hiyo iliyopatikana huku ikapewa jina la keniensis, heshima ambayo tungeweza kuikataa. Miaka hiyohiyo watafiti walianza kuchagua radiata zilizosimama kijani katikati ya zilizokauka, wakakusanya mbegu zake na kuwapima watoto wake. Kazi tunayoifanya vitaluni ni mjukuu wa kazi ile.

Unachotafuta

Ni mstari mwekundu, upana wa milimita 1 hadi 3, unaoizunguka sindano kama pete. Kutoka kwenye pete kwenda ncha, sindano hukauka na kuwa kahawia, lakini kurudi upande wa shina hubaki kijani. Baadaye ndani ya wekundu hutokea vitone vyeusi vinavyopasua ngozi ya sindano, na hivyo vikilowa hutoa spora, yaani mbegu za kuvu. Vinaonekana kwa lenzi ya mkononi ya mara 10. Ugonjwa huanzia sindano za zamani, chini ya mche, ukapanda.

Ule wekundu ni sumu ya kuvu yenyewe, dothistromini, ambayo kikemia ni ndugu wa aflatoksini tunayoiogopa kwenye mahindi. Shika hilo, litarudi tukifika kwenye kivuli.

Dalili ya kwanza: wiki nane zimepita, hakuna hata mstari mmoja

Tazama kwanza miche yako ya kulinganishia. Jaribio lolote linahitaji makundi matatu pembeni: radiata ya kawaida iliyopuliziwa kuvu (hii lazima iugue), patula iliyopuliziwa kuvu (hii ibaki karibu safi), na miche ya kila familia (watoto wa mti mmoja mama) iliyopuliziwa maji matupu. Radiata ya kawaida ikiwa imeugua na familia zako ni safi, ruka hadi dalili ya tano, huenda una habari njema. Radiata nayo ikiwa kijani, kosa liko kwenye upuliziaji, na unaanza upya.

Hata hivyo hesabu siku vizuri. Mistari hujitokeza kati ya wiki 4 na 10 hivi, na kwenye baridi ya Timboroa huchelewa zaidi. Nimeona mtu akitupa miche wiki ya tano, na ile michache aliyoisahau nyuma ya choo ikatoa mistari wiki ya tisa.

Ukishajua muda ulitosha, shuku ukavu kabla ya kitu kingine chochote. Spora ya kuvu hii huchipua juu ya sindano iliyolowa, ikatoa utambi mwembamba unaotafuta vile vitundu sindano inavyopumulia, na hapo ndipo inapoingilia. Sindano ikikauka utambi haujafika, safari imekwisha. Kunyunyizia jioni na kurudi asubuhi hakutoshi. Sindano zinataka kubaki na maji mfululizo kwa siku 2 au 3 za mwanzo, na baada ya hapo zilowe tena mara kadhaa kwa siku kwa wiki kadhaa, kama vile mvua ndefu inavyofanya msituni.

Ukaguzi ni huu: nenda kwenye hema la nailoni linalotunza unyevu wa miche saa nane mchana, bila kumtuma mtu, ingiza mkono, uguse sindano za kona na za mstari wa pembeni. Za katikati zitakudanganya, hizo huwa zimelowa siku zote. Kona zikiwa kavu, zibe nailoni chini kwa mchanga, weka mabeseni ya maji ndani, nyunyizia maji kwa matone madogo kila baada ya saa chache, na usiku mtu aamke. Mwaka wangu wa kwanza niliziba kila kitu isipokuwa mlango, na mbuzi wa jirani akaingia usiku wa pili. Mche aliokula sikuuandika kwamba umeugua, lakini wale waliobaki walipigwa upepo hadi alfajiri, nami nikawaandika "wastahimilivu". Daftari lile ninalo bado.

Baada ya ukavu ni joto. Kuvu hii inapenda nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Hema la nailoni lililowekwa juani hupita nyuzi 35 kabla ya adhuhuri, hata Molo ambako wewe umevaa koti. Ning'iniza kipimajoto ndani ya hema kwenye kimo cha miche, wala si kwenye ukuta wa ofisi. Joto likipanda, hamishia hema upande wa kivuli cha jengo, au funika juu kwa neti na umwagie maji. Kuna kikundi cha Kisumu kilichotaka kufanya jaribio hili mjini, karibu na ziwa, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Niliwaambia waziwazi kwamba bila chumba cha kupoza watakuwa wanapika spora. Walete miche yao juu huku.

Kisababishi cha tatu hakionekani kwa macho: dawa ya shaba, ile ya buluu ambayo watu wa agroveti huiita kopa. Ndiyo dawa ambayo dunia nzima hutumia dhidi ya ugonjwa huu. Kama kitalu chako hupulizia kopa kama desturi ili miche isioze, au pampu uliyotumia ndiyo ile ya viazi, umeua spora ulizozilea miezi miwili. Uliza pia jirani anapulizia viazi siku gani, maana Molo hakuna shamba lisilopakana na viazi, na upepo hauheshimu ua. Miche ya jaribio isiguswe na dawa yoyote ya kuvu kwa wiki kadhaa kabla, na chupa ya kunyunyizia iwe mpya, yenye lebo, ya kazi hii pekee.

Halafu kuna uwezekano kwamba spora zilikuwa chache au zimekufa. Kuvu hii hukua polepole mno. Kwenye sahani ya maabara huweza kumaliza mwezi ikiwa bado na ukubwa wa kifungo cha shati, huku koga za kawaida zikiwa zimeifunika. Tena ukiirudisharudisha kutoka sahani moja hadi nyingine, huchoka na kuacha kutoa spora. Kabla ya kupulizia, weka tone la maji yenye spora kwenye kioo, ndani ya kisanduku chenye unyevu, kwa siku 2 au 3. Kisha hesabu 100 chini ya hadubini. Zikichipua chini ya nusu, usipulizie. Sisi hulenga karibu spora milioni 1 kwa mililita. Maji ya bomba la mjini yana klorini, kwa hiyo tumia ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa.

Cha mwisho kwenye orodha hii, na ndicho kinachowashangaza watu, ni kivuli kizito. Ile sumu nyekundu hufanya kazi yake vizuri palipo na mwanga. Miche iliyowekwa chini ya neti nyeusi nzito inaweza kuambukizwa na bado ikaonyesha mistari michache. Siku za kwanza za unyevu kivuli ni sawa, baada ya hapo ipe mwanga wa kutosha bila kuichoma. Na miche iwe na angalau miezi 9, yenye sindano za kikubwa zinazotoka tatutatu. Ile yenye sindano za utotoni, mojamoja na laini, haikupi jibu la kulinganisha na msitu.

Dalili ya pili: miche iliyopuliziwa maji matupu nayo imeugua

Hapa moyo wa mtu huvunjika, ila mara nyingi jambo ni dogo. Spora hizi husafiri kwa matone ya maji yanayorukaruka. Ukiweka miche ya maji matupu meza moja na ile ya kuvu, kisha ukanyunyizia maji kwa nguvu, umeipulizia kuvu pia. Itenge kwa ukuta wa nailoni au hema lake, na daima ianze kuhudumiwa yenyewe kabla hujagusa yenye kuvu. Mikono huoshwa katikati.

Sababu ya pili naipenda kwa sababu inatokana na mazoea mazuri. Paini haikui vizuri bila kuvu rafiki kwenye mizizi yake, na wenye vitalu tumefundishwa kuchota udongo chini ya paini zilizokomaa ili kuichanganya na udongo wa mifuko. Ukichota chini ya radiata mgonjwa unabeba sindano zilizoanguka, na kuvu huendelea kuishi ndani yake kwa miezi kadhaa. Chukua udongo chini ya patula yenye afya, fagia takataka ya juu kando, uchekeche.

Kama hayo mawili hayapo, tembea mita mia chache kuzunguka kitalu. Radiata za kale zilizobaki hapa na pale, kwenye boma la shule au ua wa kanisa, hutosha kuleta spora msimu wa mvua.

Simama hapa. Ukiona mistari myekundu kwenye miche ya kuuza, iliyo nje ya jaribio, usiuze hata mmoja na usihamishe. Piga simu KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa serikali, ofisi ya Nakuru, au kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, Londiani. Na jaribio la kuvu halifai kufanywa ndani ya kitalu cha biashara hata siku moja, hata kama ni kona tu.

Dalili ya tatu: ni kahawia, lakini si mistari

Watu huona sindano kahawia wakafurahi kwamba kuvu imeshika. Rangi peke yake si ushahidi, tazama mpangilio.

Miche yote ikibadilika usiku mmoja, hasa upande ulio wazi, na machipukizi ya juu ndiyo yaliyoungua zaidi, hiyo ni jalidi, ile baridi inayoacha ukoko mweupe kwenye nyasi alfajiri. Kuvu huanza chini na huenda taratibu, baridi huanza juu na humaliza kazi kabla ya chai.

Ncha za machipukizi zikifa na sindano za pale kubaki fupi, zenye rangi ya majani makavu, uliza kama mvua ya mawe ilipita wiki zilizotangulia. Kuna kuvu nyingine, Diplodia sapinea, inayoingilia kwenye majeraha ya mawe. Inaua ncha, haichori pete. Mche wa namna hiyo uondoe kwenye hesabu kabisa. Usiuandike mgonjwa wala mzima.

Sindano zinazogeuka manjano kwa madoadoa, pamoja na utelezi mtamu na masizi meusi, ni vidukari. Pamba nyeupe kwenye kitako cha sindano ni kidukari wa manyoya wa paini, aliyeingia Kenya miaka ya 1960, kana kwamba muongo ule haukuwa na shida za kutosha. Tumia lenzi, utawaona wakitembea.

Nakuru mjini na bonde lake kuna tatizo jingine: maji ya visima virefu yana floridi na magadi mengi. Paini hupenda udongo wenye uchachu. Ukimwagilia maji ya magadi miezi kadhaa, sindano changa hugeuka manjano kwa sababu mche hauwezi kufyonza chuma, na mche mnyonge huharibu jaribio hata kama haufi. Kinga maji ya mvua. Na kama sindano za zamani zina ncha za dhahabu huku sehemu nyingine ni kijani safi, mpaka ukiwa mkali kama uliochorwa, huo ni upungufu wa magnesi. Ncha ya shina ikijikunja na kufa bila kidonda chochote, fikiria boroni, upungufu unaojulikana sana kwenye paini za Afrika Mashariki. Usibahatishe boroni, kipimo kikizidi kidogo ni sumu. Peleka udongo na sindano zikapimwe kwanza.

Bado una shaka? Chukua sindano 10, zifunge kwenye karatasi iliyolowa ndani ya mkebe kwa siku 2 au 3. Vitone vyeusi vikitoa ute, tia ute chini ya hadubini. Spora za kuvu yetu ni ndefu, nyembamba, hazina rangi, zimenyooka au zimepinda kidogo, na zina kuta 1 hadi 5 ndani. Zikiwa za kahawia, nene, zenye vijimkia, hizo ni za kuvu za mizoga zinazokuja kula kilichokufa tayari. Kutenganisha Dothistroma septosporum na dada yake Dothistroma pini hakuwezekani kwa jicho. Zilitambuliwa kuwa mbili mwaka 2004 kwa kusoma vinasaba, na hiyo ni kazi ya maabara.

Dalili ya nne: miche inaoza hemani

Koga ya kijivu yenye vumbi juu ya sindano ni Botrytis. Inapenda hema lako kuliko kuvu uliyoilea. Ondoa sindano zilizokufa kabla ya kufunga hema, acha nafasi kati ya miche, na baada ya siku zile za mwanzo fungua hema saa moja asubuhi ili hewa ipite kabla ya kulowesha tena. Miche ikidondoka kwa kuoza kwenye usawa wa udongo, umemwagilia udongo wakati ulitakiwa kulowesha sindano. Funika uso wa mfuko kwa karatasi ya nailoni au kokoto, uinue meza, utoboe mifuko chini. Usiokoe hali kwa dawa ya kuvu, maana unalifuta jaribio lote. Zaidi ya robo ya miche ikioza, funga kazi.

Dalili ya tano: wapimaji wawili, majibu mawili

Mmoja anaandika asilimia 20, mwenzake 45, mche ni uleule. Kisababishi cha kawaida ni kwamba hawakukubaliana wanapima nini. Je, ni sehemu ya sindano iliyo nyekundu, au idadi ya sindano zenye angalau mstari mmoja, au zilizoanguka? Chagueni moja, iandikwe juu ya ukurasa. New Zealand, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa kuwapo nchini humo 1964, hukadiria taji la mti kwa hatua za asilimia 5, na hatua hizo zinafaa kwa mche pia. Pigeni picha za miche yenu ya asilimia 5, 25, 50 na 75, zibandikwe ubaoni, kila asubuhi ya kupima mzitazame kwanza kama mtu anayerekebisha mizani.

Sababu ya pili ni lebo. Anayejua kwamba mche huu ni wa ule mti mzuri wa Elburgon ataona mistari michache. Si kwamba ni mwongo, moyo ndio unaovuta jicho. Andikeni namba tu, na mwenye orodha ya majina asipime. Mama mmoja wa kikundi chetu alipendekeza orodha ikae kwa mhasibu, kwa kuwa hajui paini na hataki kuijua. Imefanya kazi.

Sasa lile jambo ambalo hata wenye shahada hulikosea. Kuhesabu mistari kunapima *ukinzani*: mche umezuia kuvu kiasi gani. *Ustahimilivu* ni kitu kingine. Mche mstahimilivu unaweza kuwa na mistari mingi kama jirani yake na bado ukaendelea kukua. Hautauona kwa kutazama rangi. Unahitaji rula na kalipa: pima urefu na unene wa shina juu ya udongo siku unapopulizia, pima tena baada ya miezi 6, na linganisha kila familia na ndugu zake waliopuliziwa maji matupu. Familia ambayo wagonjwa wake wamekua karibu sawa na wazima wake ndiyo stahimilivu, hata kama haipendezi kwenye picha. Familia yenye mistari michache lakini imedumaa ina tatizo jingine. Hili ndilo linalofanya miche ya maji matupu iwe ya thamani kuliko ile yenye kuvu, ilhali ndiyo ambayo watu huipunguza wakikosa mifuko.

Kama tofauti bado ni kubwa, hesabu miche. Miche 5 kwa familia haisemi kitu. Sisi hatushuki chini ya 20, ikiwa imetawanywa kwa kura katika makundi, kila familia ikiwa na wawakilishi katikati na pembeni mwa meza. Ukiipanga familia kwa mistari kama darasa, familia ya kona kavu itashinda kila mara.

Dalili ya sita: mshindi wa kitaluni ameanguka shambani

Uwezekano wa kwanza ni kwamba hakuwahi kushinda. Rudi kwenye ile habari ya kona kavu. Rudia jaribio lake pekee, na radiata ya kawaida pembeni.

Kama alishinda kweli, uliza spora zilitoka wapi. Ukitumia kuvu kutoka mti mmoja, umempima dhidi ya adui mmoja. Changanya za miti kadhaa ya eneo lako. Nasema za eneo lako: kubeba kuvu kutoka kaunti nyingine, sembuse nchi nyingine, si ujasiri bali ni kosa, na uwaulize KEPHIS kabla hata ya kukata tawi.

Pengine ni umri. Radiata hupata kinga zaidi ikikua, kwa kawaida ikifikia miaka 10 hadi 15, na mche wa mwaka mmoja hautabiri yote. Ndiyo maana jaribio la kitaluni linafaa kuondoa wabovu zaidi kuliko kutawaza mfalme. Ndugu za waliobaki, wasiopuliziwa kuvu, wapandwe vipande vidogo penye ukungu wa kweli, penye mvua na baridi, wakiwa wamechanganywa na patula, na watazamwe kwa misimu kadhaa ya mvua ndefu kabla mtu hajanunua mbegu kwa kilo.

Mahali pa kuweka zana chini

Kuna kazi ambazo mtu wa kitalu hapaswi kuzing'ang'ania. Kuvu ambayo spora zake hazifanani na nilizoeleza, acha, usiilee. Saipresi au mtarakwa wa jirani ukianza kukauka wakati wa jaribio, si kuvu hii, lakini piga simu siku hiyohiyo kwa sababu magonjwa na vidukari vyao ni habari nyingine kabisa. Sufuria ya presha ya kuchemshia vifaa ikivuja mvuke pembeni ya mfuniko, izimwe na isifunguliwe hadi ipoe yenyewe. Dawa ya klorini ya kusafishia meza isichanganywe na siki wala sabuni ya choo, hewa yake huumiza mapafu. Na aliyepulizia kopa bila barakoa akaanza kutapika au kuona kizunguzungu apelekwe hospitali pamoja na kibandiko cha dawa.

Miche ikishapimwa, yote iliyopuliziwa kuvu, mizima na migonjwa, ichomwe au izikwe kwa kina papo hapo. Hakuna zawadi kwa shule. Unapompelekea mtaalamu sampuli, weka sindano kwenye bahasha ya karatasi wala si nailoni, kwa sababu kwenye nailoni zitaoza kabla hazijafika Londiani. Juu yake andika tarehe uliyopulizia, namba ya mche, joto la juu kabisa ulilosoma hemani, na kama miche ya maji matupu ilikuwa safi. Hilo la mwisho ndilo atakalokuuliza kwanza.